Karatasi ya flashi inapokataa jukwaani: dalili, chanzo na la kufanya

Karatasi ya flashi, ile inayowashwa jukwaani ikatoweka kwa mwali mmoja, inaweza kuwaka vizuri mazoezini Nakuru, ikashushwa Kisumu ikakataa katakata, na lawama ya kwanza humwendea muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu kiasi. Kisumu iko mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na jioni za masika hata chumvi mezani hushikana. Karatasi nayo inakunywa unyevu huo huo. Kwa bahati mbaya masika yanaanza Machi, wakati shule zinapopanda ngazi za tamasha za drama, na kila mwelekezi mwenye mganga, jini au radi katika mchezo wake anataka kitu kiwake mara moja na kutoweka.

Shida nyingi nitakazozitaja zinarudi kwenye swali moja: karatasi ina maji kiasi gani saa hii? Ziko mbili au tatu zisizotokana na maji, na hizo ndizo za hatari. Ukijua kuzitenga hizo, zilizobaki ni kazi ya subira tu.

Kwanza ujue umeshika nini. Karatasi ya flashi ni nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au za mti zilizobadilishwa kwa asidi kiwandani. Oksijeni ya kuchomea imo ndani ya karatasi yenyewe. Ndiyo maana inamalizika kwa kufumba na kufumbua, ikigeuka kuwa mvuke wa maji, naitrojeni, kaboni dayoksaidi na kaboni monoksaidi, bila majivu ya kuonekana. Ndiyo maana pia kuifunika kwa blanketi iwakapo hakuizimi, kwa sababu haitegemei hewa ya nje. Maji ndiyo yanayoizima. Na ikiwaka ndani ya kitu kilichofungwa, gesi zote hizo hukosa pa kutokea na chombo hupasuka. Kwa hivyo usiiweke kwenye chupa, bomba, kopo la chuma wala kasha lenye kifuniko cha kubana, hata kama mtu amekuambia mlio utapendeza.

Muuzaji ameileta ikiwa kavu

Tuanzie hapa kwa sababu tatizo hili hutokea kabla hata hujaifungua. Flashi nzuri husafirishwa ikiwa imelowa, imefungwa kwenye plastiki, na lebo inakwambia uikaushe mwenyewe kidogo kidogo. Ukipokea bahasha yenye pedi (kitita cha karatasi za flashi) kavu, nyepesi, inayochakarika, jua kwamba mtu amekaa nayo kwenye gari safari nzima karibu na sigara na injini.

Maji yale si mbinu ya kuongeza uzito. Agosti 2015, bandari ya Tianjin nchini Uchina ililipuka na watu 173 wakafa au kupotea. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba moto ulianzia kwenye kontena la nitroselulosi ambayo kimiminika chake cha kuilowesha kilikuwa kimekauka kwa joto, ikajipasha hadi ikawaka yenyewe. Pedi yako ya gramu chache haiwezi kufanya hayo, lakini kemia yake ni ile ile.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali manne: imelowa? Imetengenezwa lini? Karatasi ya maelezo ya usalama iko wapi? Nani ataisafirisha, na je, msafirishaji anajua anachobeba? Atakayejibu la mwisho kwa "usijali, nitaitia kwenye matatu ya usiku" mwache. Kwenye ndege hairuhusiwi, iwe mkobani au ndani ya begi la chini, kwa hivyo usimtume ndugu anayerudi kutoka ng'ambo akubebee. Kuagiza kutoka nje kuna sheria zake, na Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Uliza ofisi ya serikali inayosimamia vilipuzi kwanza ndipo ulipe, au nunua kwa kampuni ya hapa ya maonyesho ambayo tayari ina vibali vyake. Utalipa zaidi, lakini utakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Na kuna njia ya mkato ambayo huzungumzwa sana katika vyumba vya walimu: "Mwambie mwalimu wa kemia atutengenezee." Hapana. Mwaka 1847, mwaka mmoja tu baada ya mkemia Schönbein kutangaza pamba-baruti, yaani nitroselulosi ya pamba, kiwanda cha kuitengeneza kule Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua wafanyakazi. Ilichukua hadi miaka ya 1860, kwa kazi ya mkemia Frederick Abel, kujua namna ya kuisafisha asidi yote kutoka ndani ya nyuzi ili ikae salama. Maabara ya shule haina uwezo huo, na karatasi isiyosafishwa inaweza kuonekana nyeupe kabisa leo.

Haiwaki, inafuka tu

Unagusisha moto, ukingo unakuwa mweusi, unafuka, unazima. Karatasi bado ina maji. Hakuna zaidi.

Toa kiasi cha onyesho moja tu, uache iliyobaki ndani ya maji yake. Itandaze kwenye kitambaa safi cha pamba, kivulini, chumba chenye dirisha wazi na kisicholalwa na mtu, mbali na jiko, pasi, soketi na njia ya wavuta sigara. Nakuru siku isiyo na mvua, saa chache zinatosha. Kisumu au Kakamega wakati wa mvua, hesabu usiku kucha na sehemu ya asubuhi. Usiipige pasi, usiipulizie mashine ya saluni, usiianike juani juu ya bati, usiiweke juu ya friji eti kuna joto la taratibu. Joto ndilo adui ya kitu hiki, na kukiharakisha ndiko kunakowaunguza watu.

Kujua kama imekauka, iguse kwa mgongo wa mkono, si kwa vidole, maana vidole vya mtu wa jukwaani huwa vimezoea kila kitu. Ikiwa na ubaridi, ina maji. Kisha itikise karibu na sikio: ya maji hulegea kimya, kavu hutoa mchakariko mwepesi.

Ukishaikausha usiiache nje ukaenda kula. Hewa ya Kisumu itairudisha ilikokuwa. Itie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, uufunge kwa kuukunja bila kuubana, na utumie siku hiyo hiyo.

Inawaka polepole na kuacha majivu

Hapa kuna washukiwa watatu: unyevu mdogo uliobaki, karatasi iliyokunjwa vibaya, au karatasi bandia. Jaribio lenyewe ni dogo, lakini lifanye kwa utaratibu.

Nje, kwenye saruji, mahali pasipo na upepo. Ndoo ya maji kando yako, imejaa. Nywele zimefungwa, leso haining'inii, mikono ya nguo si ya nailoni, miwani machoni. Kata kipande chenye upana wa kidole na urefu wa njiti ya kiberiti. Sasa lile ambalo karibu kila mgeni wa kazi hii hulisahau: pakiti yenyewe irudi ndani ya nyumba, mlango ufungwe. Watu hujaribu kipande kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto umeshika pedi nzima. Shika kipande kwa koleo la jikoni, kiwe mbali na uso, washa ukingo wa chini kwa njiti ndefu.

Flashi halisi, kavu, itapanda yote kwa pamoja kwa mwali wa manjano na koleo litabaki tupu. Ikipanda kwa hatua, sentimita moja, ikasita, sentimita nyingine, bado ina unyevu. Ikiacha utando mweusi unaopeperuka, ikatoa moshi mzito au kutatarika kwa cheche, una mashaka ya bandia.

Bandia iliyozoeleka ni karatasi nyembamba ya kawaida iliyochovywa kwenye chumvi ya naitreti. Kuitambua hakuhitaji maabara. Chukua vipande viwili vya pakiti hiyo hiyo. Kimoja kiache. Kingine kioshe kwa maji mengi safi, ukibadilisha maji mara kadhaa, kisha ukikaushe kivulini hadi kikauke kabisa. Washa vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Nitroselulosi haiyeyuki majini, kwa hivyo kipande kilichooshwa kitawaka sawa na mwenzake. Chumvi ya naitreti inayeyuka. Kipande cha bandia kilichooshwa kitaungua taratibu mfano wa karatasi ya kufungia maandazi. Rudisha pakiti, dai pesa zako, na usiitumie jukwaani, maana cheche zake zinaruka na kutua zikiwa bado moto.

Kama karatasi ni halisi na ni kavu lakini bado inavuta miguu, tazama ilivyokunjwa. Ukiibana ikawa donge gumu, moto unaila tabaka kwa tabaka na mkono unakaa ndani ya joto muda mrefu zaidi. Ikunje kwa ulegevu, iwe na hewa katikati. Kipande kidogo kilicholegea kinatoa mwali mkubwa kuliko kikubwa kilichobanwa, na kinaokoa pesa vilevile.

Imekuwa ya manjano au kahawia, ina harufu kali

Hapa acha kila kitu.

Flashi isiyotiwa rangi ni nyeupe. Ikianza kuwa ya manjano, ikawa na mabaka ya kahawia, ikavunjika ukiikunja, ikanata, au ukifungua pakiti ukakutana na harufu inayochoma pua, inaoza. Asidi imebaki ndani au imezaliwa upya; asidi hiyo inaivunja karatasi, karatasi ikivunjika inatoa gesi za oksidi za naitrojeni zinazozaa asidi zaidi. Mzunguko huo unatoa joto wenyewe, na ndio unaoweza kuiwasha karatasi bila mtu kuigusa. Ukiona moshi wa rangi ya kahawia ndani ya pakiti, usiufungue zaidi na usiuvute puani.

Kwa dalili zisizo wazi, hasa pakiti ya zamani ambayo "inaonekana sawa", tumia karatasi ya litmasi ya buluu, ile inayogeuka nyekundu penye asidi. Kila shule ya upili yenye maabara inayo. Weka tone la maji safi kwenye kipande kimoja cha litmasi, peke yake. Weka kipande cha flashi kilicholoweshwa kwa maji hayo hayo juu ya litmasi nyingine, usubiri dakika chache. Tone la maji peke yake ni la kulinganishia, kwa sababu maji ya mfereji au ya kisima yana tabia zake. Litmasi ya flashi ikigeuka nyekundu na ile nyingine ikabaki buluu, pakiti hiyo imekwisha kazi.

Usiikaushe ili "uone kama bado inawaka". Itawaka, na hilo halithibitishi chochote. Izamishe yote ndani ya ndoo ya maji mengi, iweke nje kivulini, mbali na watoto, kisha umpigie muuzaji au kikosi cha zimamoto cha kaunti uulize wataipokea vipi. Usiitupe kwenye pipa la taka la soko, ambako mtu atachoma takataka jioni bila kujua.

Swali ninaloulizwa sana ni kama pakiti iliyoanza kubadilika rangi upande mmoja inaweza kukatwa, upande mzuri ukatumika. Gharama naielewa. Jibu ni hapana, kwani upande mweupe ulikaa na asidi ile ile, kwenye mfuko ule ule.

Mazoezini iliwaka, jukwaani ikakataa

Hili ndilo linalowaumiza watu, na chanzo chake ni nadra kuwa karatasi yenyewe.

Mshukiwa wa kwanza ni jasho. Mwigizaji amepewa kipande chake mwanzo wa onyesho, amekishika kiganjani chini ya taa, ndani ya ukumbi uliojaa. Akifika kwenye mstari wake kipande kimelowa. Kipande kikae mezani nyuma ya pazia, kwa msimamizi wa vifaa, na akikabidhi dakika ya mwisho. Mafuta ya mwili na losheni vinaharibu zaidi ya jasho, kwa hivyo anayekitumia anawe mikono na kuikausha.

Wa pili ni mashine ya moshi. Moshi wa jukwaani mara nyingi ni matone madogo sana ya maji na glikoli, na hutua juu ya kila kitu. Karatasi iliyopangwa mapema ndani ya kifaa karibu na mdomo wa mashine inapata utando ambao huuoni. Badilisha mpangilio: moshi kwanza, karatasi baadaye, au karatasi upande usiopata moshi.

Wa tatu ni kiwashio. Vifaa vya mkononi vinavyotumia waya wa joto na betri ndogo huchoka bila kutoa taarifa. Kitazame kivulini: waya unapaswa kufikia rangi ya machungwa angavu mara tu unapobonyeza. Ukiishia wekundu hafifu, betri zimechoka au waya una masizi. Badilisha betri kila siku ya onyesho, hata kama zilikuwa sawa jana, na uhakikishe karatasi inagusa waya. Kifaa chenye karatasi ndani yake kisipewe betri hadi zamu yake ikaribie, na kisielekezwe kwa mtu, iwe kimejazwa au la.

Kuna pia kesi ambapo karatasi iliwaka vizuri ila hakuna aliyeiona. Taa zote za mbele zimewashwa, nyuma kuna pazia la krimu, mwali wa manjano unamezwa. Mwelekezi anaamua "imekataa" na kuagiza kipande kikubwa zaidi, na hapo ndipo ajali inapopikwa. Punguza taa kabla ya mwali na uweke nguo nyeusi nyuma yake. Kipande cha kiganja ndani ya giza kinaushinda ukurasa mzima chini ya mwangaza.

"Mwalimu, si tuongeze tu mbili?" atauliza kijana wa vifaa. Mjibu, "Zima taa kwanza, ndipo tuzungumze."

Imewaka kabla ya wakati, au imemuunguza mtu

Ikiwaka bila kuwashwa, onyesho la moto limeisha kwa siku hiyo. Lowesha karatasi yote iliyobaki papo hapo, kisha tafuta chanzo: taa kubwa ya jukwaani iliyo karibu mno, cheche ya umeme tuli kutoka kwenye nguo za nailoni na wigi, mshumaa wa mapambo, kiwashio kilichobonyezwa mfukoni, au karatasi inayooza. Usipokipata, usiitumie pakiti hiyo tena.

Ukipata aliyeungua: maji baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, pete na bangili zitolewe kabla kiungo hakijavimba, kisha kitambaa safi kisichonata. Dawa ya meno, siagi na yai hapana, hata kama shangazi mtu amesimama hapo akisisitiza. Jeraha la usoni, la kiganja kizima, au lenye malengelenge makubwa linaenda hospitali. Nguo ya nailoni iliyoyeyuka ikashika ngozi usiivute. Sababu ya kawaida ya majeraha haya ni donge lililobanwa na kushikwa badala ya kurushwa, ikifuatiwa na maleba ya nailoni na raba. Vaa pamba au sufu, rusha juu na mbali, na pawe na mita kadhaa tupu kati ya mwali na mtu au pazia lolote. Mtoto asiishike kamwe; katika mchezo wa shule mwali uwe kazi ya mtu mzima aliyefichwa kwenye mandhari.

Baadhi ya kumbi za jamii na za shule hapa zina dari ya mbao, mapazia ya zamani na mlango mmoja. Kwa ukumbi wa namna hiyo mimi ningeacha flashi kabisa nikatumia taa ya kumweka pamoja na unga wa talki au kitambaa chepesi kinachopeperushwa na feni. Watangazie watazamaji mapema kuwa kutakuwa na mwanga wa kumweka, kwa sababu ya wenye kifafa. Na popote utakapotumia moto wa kweli, mwenye ukumbi ajue kwa maandishi, na mtu mmoja asimame na ndoo na mtungi wa kuzimia moto bila kupewa kazi nyingine yoyote, hata ya kufungua pazia.

Onyesho limeisha, karatasi kavu imebaki

Usiirudishe kwenye begi la maleba na usiende nayo nyumbani mfukoni. Irushie maji safi hadi ilowe yote, uirudishe kwenye mfuko wake wa plastiki, na uandike juu yake tarehe ya kununua na tarehe ya kulowesha. Hifadhi mahali baridi, penye giza, nje ya chumba cha kulala na mbali na mabati ya dari, kwenye kasha jepesi la plastiki ambalo kifuniko chake kinaweza kuruka bila kupasuka. Lifungue mara moja kwa mwezi, utazame rangi, unuse kwa mbali, uongeze maji kama yamepungua. Katika joto la Kisumu yanapungua upesi kuliko unavyodhani, hata mfuko ukiwa umefungwa.